Mdaiwa karudi kwao, mali kaiacha Tanga: umshtaki hapa au umfuate huko huko?

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa sisi wafanyabiashara wa Tanga mara nyingi inakuwa kinyume, mtu hayupo, simu haipatikani, ila lake lipo, boti imefungwa pale Raskazone, genereta ipo saiti njia ya Pangani, akaunti ipo benki mjini, na wewe umebaki na bahasha imejaa delivari noti. Hapo ndo watu wanaanza kukushauri kila mtu na lake, mmoja anasema kakamate boti, mwingine anasema mzungu anashtakiwa kwao, mwingine anasema samehe tu mama yangu. Mimi yamenikuta, kwahiyo nataka nizilinganishe hizi njia moja moja ili mwenzangu asipoteze miezi kama nilivyopoteza mie.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Kuna Mjerumani mmoja alikuwa anajenga nyumba za wageni ufukweni huko njia ya Pangani, alichukua kwangu saruji, nondo, mabati na mbao karibu mwaka mzima, analipa nusu nusu, mwisho deni likafika milioni 41. Siku moja fundi wake mkuu akanipigia, "Shikamoo mama. Mzee kaondoka, kapanda ndege jana, na sisi mshahara hatujauona." Nikajipa moyo atarudi maana vitu vyake vyote vipo. Nikakaa wiki tatu nasubiri. Katika wiki hizo tatu gari lake la kazi likavuka Horohoro kwenda Kenya na mpaka leo sijui liko mikononi mwa nani. Hilo kosa ni langu mwenyewe na linaniuma mpaka kesho.

Nilipofika kwa wakili, kijana mdogo tu ila kichwa chake kimetulia, nilianza na habari za boti, boti, boti. Akanisikiliza weeee, alafu akaniuliza, "Mama, hili deni limezaliwa wapi?" Nikamwambia limezaliwa dukani kwangu mwanangu, mzigo kauchukulia kwangu na hela alitakiwa alete kwangu. Akasema basi kesi ni ya hapa Tanga, boti ni habari nyingine, tusizichanganye.

Na hapa ndo penye kitu ambacho wengi tunakosea, mimi nikiwemo. Tunadhani mtu wa nje akiwa na mali hapa basi mali ile ndo inaipa mahakama yetu nguvu ya kumhukumu. Sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya madai, ile sura ya 33 iliyotungwa 1966 ikifuata sana ile ya India ya 1908, haisemi hivyo. Kwa deni la kawaida inasema mshtaki mtu pale anapoishi, au anapofanyia biashara au kazi ya kumpa kipato, au pale chanzo cha madai kilipotokea, chote au sehemu yake. Mali kuwepo tu haimo kwenye orodha hiyo, isipokuwa kama ugomvi wenyewe ni wa ardhi au wa mali iliyopo hapo. Kwahiyo kilichonipa mimi mahakama ni duka langu na delivari noti zangu, sio boti. Boti ilikuja kunisaidia kwenye kulipwa tu.

Sasa linganisha na kwao wenyewe Wajerumani, nilishangaa sana kujua hili. Sheria yao ya mwenendo wa mashauri ya madai, ya tangu 1877, kifungu cha 23, inasema mtu asiyeishi Ujerumani anaweza kushtakiwa kwa deni la pesa katika mahakama ya pale mali yake ilipo. Yani mali tu. Kwa miaka mingi wanasheria wakawa wanatoa mfano wa mgeni aliyesahau kandambili hotelini, kwamba kwa kandambili zile anashtakiwa kwa deni lolote la popote. Mwaka 1991 mahakama yao ya juu ikabana, kwenye kesi ya kampuni ya ujenzi ya Cyprus na benki ya Uturuki iliyokuwa na mali Ujerumani, ikasema mali peke yake haitoshi, lazima shauri lenyewe liwe na uhusiano wa kutosha na Ujerumani. Na kwa mtu anayeishi nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya kifungu hicho hakitumiki kabisa.

Marekani nao walipita humo humo. Kule zamani shamba lako likiwepo jimboni, hata wewe ukiwa mbali, lilikuwa linatosha, na kesi ya Pennoyer dhidi ya Neff ya 1878 ilitokana na deni la wakili la chini ya dola 300 lililomfanya mtu anyang'anywe shamba. Mahakama ikasema mali ni lazima ikamatwe mwanzoni kabisa mwa kesi, sio uhukumu kwanza alafu ndo uanze kuitafuta. Ilipofika 1977, kesi ya Shaffer dhidi ya Heitner, wakasema hata ukiikamata mwanzoni haitoshi kama mtu na shauri havina uhusiano na jimbo lile, ila hukumu halali iliyopatikana kwingine unaweza ukaja nayo ukalipwa kutoka kwenye mali ile. Japani wao wanaikubali mali kuwa msingi wa kushtaki kwa madai ya pesa ila sio kama thamani yake ni ndogo mno. Nchi mbalimbali zinasogea kulekule alikonipeleka wakili wangu kwa swali moja, deni limezaliwa wapi.

Haya, tuje kwenye kuchagua.

Njia ya kwanza ni kushtaki hapa hapa na kuomba mali ikamatwe kabla ya hukumu. Hii ndo niliyofuata mimi. Uzuri wake, wakili wako yupo mjini, mashahidi wako ni dereva wa kirikuu na kijana wa stoo ambao hawahitaji viza, na tangu sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama, kwahiyo unaelewa kinachosemwa juu ya hela yako. Kukamata mali kabla ya hukumu kupo kwenye Amri ya 36 ya ile sheria, unaapa hati ya kiapo, unaonyesha kwamba mdaiwa anataka kuuza au kuhamisha mali ili hukumu ikitoka isikute kitu. Na hapo usiseme tu "nahisi atahamisha", useme umeona nini, lini, nani kakwambia, mali gani, iko wapi, ina thamani gani. Kwangu mimi ushahidi mzito ulikuwa lile gari lililovuka Horohoro, kilichoniumiza ndo kikanisaidia. Mahakama inamwita aweke dhamana au aeleze kwanini asiweke, na katikati hapo inaweza kuamuru mali ishikwe kwa muda. Kama ungemuwahi kabla hajapanda ndege, amri hiyo hiyo inaruhusu kuomba akamatwe aje aweke dhamana ya kuonekana mahakamani, hiyo mimi nilishachelewa.

Ubaya wake sasa. Kwanza kumpelekea samansi mtu aliyeko nje kunachukua muda, inatumwa kwa anwani yake ya huko, ikishindikana unaomba njia mbadala kama kutangaza gazetini, kila hatua ina gharama yake na tarehe yake. Pili ukikamata bila sababu za kutosha mahakama inaweza kukuamuru wewe umlipe fidia, kwahiyo usikimbilie kukamata kwa hasira. Tatu kukamata hakukufanyi wewe kuwa wa kwanza kwenye foleni, kama benki ilishaweka rehani kwenye mali ile kabla yako basi haki yake iko palepale, na mwenye hukumu mwingine naye anaweza kuja.

Nne, na hili naomba ulisome mara mbili, mali unayoiona yake inaweza isiwe yake. Zile nyumba za ufukweni nilizokuwa nazipigia hesabu, tulipokwenda kuangalia karatasi tukakuta ardhi haiko kwa jina lake. Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwahiyo utakuta ipo kupitia mamlaka ya uwekezaji, au kwa jina la kampuni, au kwa jina la mwenyeji aliyeshirikiana nae. Na kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, deni la mwenye hisa sio deni la kampuni wala la kampuni sio lake, ingawa hisa zenyewe ni mali yake na zinaweza kushikwa. Kwahiyo kabla hujamlipa wakili hata senti nenda BRELA, wale wanaosajili makampuni, uangalie kampuni ni ya nani, nenda ardhi uangalie hati ya nani, alafu angalia invoisi zako uliandika jina la nani. Mimi bahati yangu niliandika jina lake mwenyewe. Pia kuna vitu dalali wa mahakama hashiki, mfano nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake au vifaa vya kazi vya fundi.

Njia ya pili ni kumfuata kwao. Watu wengi wanaicheka hii njia ila mimi siicheki, kuna mtu ambaye kwake hii ndo sahihi. Kule kwao mdaiwa anashtakiwa pale anapoishi bila ubishi wowote kwamba mahakama haina mamlaka juu yake, na hukumu ikitoka inakula nyumba yake, mshahara wake, akaunti zake za huko moja kwa moja. Kama deni ni kubwa na huku kaacha genereta bovu tu, unafanya nini na genereta bovu? Ila ujipange. Kwa Ujerumani, deni la kiasi kama changu lazima uwe na wakili wa kule, karatasi zako zote zitafsiriwe Kijerumani, ada ya mahakama unalipa mwanzoni, na kwakuwa unaishi nje ya Umoja wa Ulaya mdaiwa anaweza kuomba uweke dhamana ya gharama za kesi. Ukishinda anayeshindwa ndo anabeba gharama za kisheria, ukishindwa unazibeba wewe. Kwa milioni 41 hesabu ilikataa, kwa milioni 400 ningeuza kiwanja nikaenda.

Sasa mtu atauliza, si nichukue hukumu ya Tanga niipeleke huko? Hapo inategemea na nchi na watu hawajui. Ujerumani wanataka kuwe na kupeana, yani na sisi tuwe tunazikubali hukumu zao, na wanapima pia kama mahakama ya huku ilikuwa na mamlaka kwa vipimo vyao wao, kwahiyo usiitegemee. Kenya ni rahisi zaidi, sheria yao ya hukumu za nje imeitaja Tanzania, mdaiwa wako akiwa mtu wa Mombasa hukumu ya huku inaweza kuandikishwa kule. Uingereza wanayo sheria ya 1920 inayoikubali hukumu ya Tanzania, ila iwe ya Mahakama Kuu, iandikishwe ndani ya miezi 12, na mdaiwa awe alikuwa anaishi au anafanya biashara huku au alikuja mwenyewe kwenye kesi. Kwa Waingereza mali kuwepo tu haisaidii, na wala hawajaanza leo. Mwaka 1908 kwenye kesi ya Emanuel dhidi ya Symon, mtu aliyekuwa na fungu kwenye mgodi wa dhahabu Australia Magharibi alishtakiwa kule akiwa ameshahamia Uingereza, akahukumiwa bila yeye kuwepo, na mahakama ya London ikakataa kuikaza hukumu ile, yani kuitekeleza, ikasema kuwa na mali kule hakukumfanya awajibike kwa mahakama ya kule. Maana yake kama unajua mali ya Tanga haitatosha na unataka baadae umfuate Uingereza, basi kuanzia siku ya kwanza kwenye hati ya madai eleza wazi kwamba aliishi Tanga na alifanya biashara Tanga, usiandike habari za boti peke yake.

Njia ya tatu ni ya wale wa bandarini, kuishtaki meli yenyewe. Hii ni kesi ya Mahakama Kuu, meli ndo inakuwa kama mshtakiwa, inashikwa bandarini, mwenye meli akija kuitetea anaingia kwenye kesi yeye mwenyewe, asipokuja meli inauzwa na wewe unapata kwenye thamani ya meli tu. Hapa ndipo mali iliyopo kweli kweli ndo inabeba mamlaka ya mahakama, na kwa aliyemuuzia meli mafuta, chakula au aliyeitengeneza injini hakuna njia ya haraka kama hii maana meli leo ipo Tanga kesho ipo Mombasa. Ila deni lazima liwe la mambo ya meli. Mimi nilitaka kuikimbilia nikaambiwa hapana mama, saruji ya nyumba haihusiani na boti, boti yake tutaikamata kwa Amri ya 36 kama tungekamata pikipiki. Kuna fundi boti mmoja, yeye alikaa kimya tu na injini aliyoitengeneza ikiwa bado iko karakana kwake, akasema sitoi mpaka nilipwe, na hiyo ni haki yake kabisa, ila angeiachia itoke tu haki hiyo ingepotea. Mafundi mnaosoma hapa mlishike hilo.

Njia ya nne ni usuluhishi, ule wa kwenye mkataba wenu, ambapo msuluhishi ndo anaamua ugomvi badala ya mahakama. Kuna mkataba wa New York wa 1958, wa nchi kukubaliana kuyakaza maamuzi ya wasuluhishi, Tanzania iliuingia mwaka 1964, Ujerumani nao wamo, nchi zaidi ya 170 zimo, na uamuzi wa msuluhishi uliotolewa Dar unakazwa Berlin au Nairobi kwa urahisi kuliko hukumu ya mahakama. Kwa mtu ambaye mdaiwa wake ana mali nchi tatu hii inazipita zote nilizotaja. Shida ni mbili, lazima muwe mmekubaliana kwa maandishi, na msuluhishi analipwa na nyie wenyewe, kwahiyo kwa deni la duka kama langu haifai, kwa mkandarasi mdogo aliyechukua kazi kwa kampuni za nje huko Chongoleani linapoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda, huyo ningemwambia asisaini mkataba kabla hajasoma kipengele cha usuluhishi kimeandika mji gani. Kikiandika London wakati wewe unadai milioni 30 ujue umeshafungiwa mlango.

Kwahiyo mimi ningechagua hivi. Deni dogo au la kati, limezaliwa Tanga, na mdaiwa kaacha kitu cha kuuzika kwa jina lake, shtaki hapa na uombe kukamata wiki hiyo hiyo, usisubiri kama mimi. Deni kubwa na huku hakuna kitu, mfuate kwao. Deni la meli, ishike meli. Na kama deni halijazaliwa hapa kabisa, mfano ulimkopesha mtu Oman mkiwa Oman na mkakubaliana alipe huko huko, alafu ukaona kaja kununua nyumba Raskazone lakini yeye haishi hapa, usidanganyike kwamba nyumba ile itakupa kesi Tanga. Pata hukumu kule kwanza alafu ndo uulize wakili kama inaweza kukazwa huku.

Kwangu mimi mdaiwa hakuja wala hakujibu, hukumu ikatoka upande mmoja, boti na genereta vikauzwa kwa mnada na dalali wa mahakama, ikapatikana milioni 23. Mafundi wake nao walikuwa wanadai, niliwaelekeza kwa wakili yule yule. Milioni 18 zilizobaki bado zipo kwenye hukumu, na akirudi Tanga na mali yoyote kwa jina lake nitarudi mahakamani.

Siku hizi invoisi zangu zote zina mstari wa chini nimeuprinti kabisa, malipo yatafanyika Tanga na mgogoro wowote utasikilizwa Tanga, mteja anasaini pembeni yake kwa jina lake au na mhuri wa kampuni. Na wewe mwenye deni la zamani hesabu miaka, deni la mkataba lina miaka 6 ya kushtaki, kwahiyo toa ile bahasha kabatini uangalie tarehe ya delivari noti ya mwisho.